Tausi, miaka kumi: kumtoa kizazi au kumwacha?

Mzee alikuja kwa miguu, bila mbwa. Akapiga hodi mara mbili ilhali mlango u wazi, akakaa ukingoni mwa benchi, kofia mapajani. "Daktari, nina mbwa jike. Binti yangu ameshikilia atolewe kizazi. Mimi nasema ni kumwonea, mbwa mwenyewe kizee. La kuvunda halina ubani."

Ilikuwa tarehe 3 Februari, jua la kaskazi linachoma na Malindi nzima inanuka vumbi na chumvi. Nikauliza mbwa ana miaka mingapi. Kumi, labda kumi na mmoja. Alimlea tangu kilebu katika jumba moja njia ya Casuarina alikokuwa bawabu. Jumba likauzwa, aliyelinunua hakutaka mbwa, na mzee akaondoka na mshahara wa mwezi wa mwisho na Tausi. "Hicho ndicho kiinua mgongo changu," alisema, wala hakucheka.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu swali lake naulizwa kila mara: jike ameshazeeka, hazai tena, kuna haja gani ya kumpasua? Na kwa sababu ndani yake nilikosea, si padogo, nikaokolewa na kipande cha mkaa.

Kumleta ndiko kulikuwa kazi. Jirani yao ana tuktuk, naye ni mtu wa msikitini, mwenye kufuata Shafi kama wengi wa pwani hii. Hakukataa. Alisema tu, "Awe mkavu, mzee. Kikavu kwa kikavu hakinajisi." Shida ni kwamba Tausi alikuwa anadondosha damu. Basi mzee akamfunga winda la kitambaa cha leso iliyochakaa, akamlaza juu ya gunia, gunia juu ya turubai, na hivyo ndivyo alivyoshuka mbele ya kliniki, amefungwa kama mtoto wa siku arubaini, amenyanyua shingo. Binti alikuwa pamoja nao. Ni muuguzi wa zahanati, na maswali yake yalikuwa ya muuguzi.

Kilo 19. Joto nyuzi 38.7, ambalo kwa mbwa ni la kawaida. Fizi rangi ya waridi iliyofifia kidogo. Moyo ulipiga sawa, mapafu safi, meno mabovu ya umri wake. Chini, karibu na chuchu ya nne ya kushoto, kidole kilikutana na kijiuvimbe cha ukubwa wa punje ya kunde, kigumu, kinachoteleza chini ya ngozi.

Kwanza ile damu. Mbwa wa hapa petu wanazurura, wanapandana barabarani, na miongoni mwao huenea uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana na kwa kulambana. Unachuruzika damu wiki baada ya wiki, na mwenye mbwa hudhani jike yuko kwenye joto la kutaka dume lisilokwisha. Ugonjwa huo hautibiwi kwa kutoa kizazi. Dawa yake ni sindano za vinkristini, mara moja kwa wiki, kwa kawaida nne hadi sita. Nimewahi kuletewa jike aliyepasuliwa mahali fulani, kizazi kimetolewa, na uvimbe umeachwa pale pale ukeni ukiendelea kutoa damu. Kwa hiyo nilimpima Tausi kwa kidole, nikaangalia kwa taa, nikachukua ute kwenye kioo. Hakuwa nao. Binti alikumbuka kwamba damu ilianza siku za mwanzo za Januari na madume ya mtaa yalilala nje ya ua wiki nzima. Matone haya yalikuwa mkia wa joto lile.

"Lakini daktari," binti akauliza, "si angekuwa ameshakoma? Miaka kumi ya mbwa ni kama sitini ya mtu."

Hapo ndipo elimu ya binadamu inapompoteza mtu kwa mbwa. Mbwa jike hakomi. Joto lake linaweza kuchelewa kadiri anavyozeeka, likapita hata mwaka, lakini linarudi mpaka anakufa. Na kuna jambo la pili, kubwa zaidi. Mwanamke asiposhika mimba, homoni ya kutunza mimba hushuka baada ya wiki mbili hivi na hedhi inakuja. Kwa mbwa haishuki. Amepandwa au hakupandwa, ovari zake huendelea kumwaga homoni hiyo kwa takriban miezi miwili, na kizazi kinajiandaa kwa wageni wasiokuja: ukuta wake unanenepa, tezi zake zinatoa ute, mlango unafungwa, na ulinzi wa mwili humo ndani unalegezwa ili vilebu wasishambuliwe. Kama bakteria walipenya wakati mlango u wazi kwenye joto, mara nyingi ni wale wa kawaida wa kinyesi, wamepata chumba chenye giza, chakula na mlango uliofungwa. Kila joto linaacha ukuta mnene kidogo kuliko lililopita. Ndiyo maana ugonjwa wa usaha wa kizazi ni wa majike wakubwa, na ndiyo maana huja wiki nne hadi nane baada ya joto, wakati mwenyewe ameshasahau kwamba kulikuwa na joto.

Si ugonjwa wa nadra. Huko Sweden, ambako kuhasi mbwa wazima hakukuwa desturi na mbwa wengi wana bima, hesabu za bima zilionyesha kwamba karibu robo ya majike huupata kabla ya kutimiza miaka kumi. Kwa hiyo mzee anaposema "ameshazeeka, tumwache", anasema juu ya kiungo ambacho hatari yake inapanda kwa kuzeeka kule kule.

Nikauliza kama Tausi alishawahi kupewa dawa ya kuzuia joto. Mzee akasema hapana. Binti akatazama sakafu.

"Nilimchoma mimi," akasema mwishowe. "Ile ya miezi mitatu, ya kina mama. Nilinunua duka la dawa. Miaka mitatu mfululizo, mpaka nikaona haina maana." Alikuwa ameacha miaka miwili iliyopita. Mzee alimgeukia akamwangalia kwa muda mrefu. Hilo hakulijua.

Sikumlaumu, na sidhani anastahili lawama. Madume yalikuwa yanavunja ua, vilebu wanane walikwishazaliwa na kugawiwa kwa taabu, naye alitumia alichokijua. Lakini sindano ile ni homoni ya aina moja na ile inayonenepesha kizazi. Kumpa mbwa ni kumwongezea miezi ya hatari juu ya ile aliyojaliwa. Katika karatasi yangu niliandika jambo hilo kwa kalamu nyekundu, na kama ningelifuata hadi mwisho wake, sehemu iliyobaki ya kisa hiki ingekuwa fupi.

Kuhusu kile kijiuvimbe, nilisema nao kwa tahadhari. Watu wengi wamesikia kwamba kutoa kizazi huzuia saratani ya matiti ya mbwa. Chanzo kikuu ni utafiti wa Marekani wa 1969: jike aliyehasiwa kabla ya joto la kwanza alionekana kubaki na asilimia 0.5 tu ya hatari, baada ya joto la kwanza asilimia 8, baada ya la pili 26. Tarakimu zimekaririwa vizazi na vizazi, ingawa mapitio yaliyofanywa 2012 yaliona ushahidi wenyewe ni mwembamba kuliko sifa zake. Vyovyote iwavyo, Tausi alikuwa ameshapita majoto kumi na kitu. Kumuuzia mzee upasuaji kwa jina la saratani ingekuwa ulaghai. Uvimbe wa titi la mbwa, kwa jumla, karibu nusu huwa mbaya na nusu huwa wa amani. Kilichofaa ni kuukata na kuupeleka maabara, na kama tunamlaza kwa ajili ya kizazi, basi vyote kwa usingizi mmoja.

Hofu ya mzee ilikuwa usingizi huo. Aliwahi kuona mbwa akichomwa na mtu wa chanjo chini ya mwembe huko Ganda, akakatwa, hakuamka. Yule hakuwa daktari. Sheria ya Kenya ya 2011 inataka upasuaji kama huu ufanywe na daktari wa mifugo aliyesajiliwa, si msaidizi, hata awe na mkono mwepesi vipi. Lakini hofu haitibiwi kwa kifungu cha sheria, kwa hiyo nilimwambia ukweli wa kazi yenyewe: uzee si ugonjwa. Kinachomuua mbwa mezani ni figo zilizochoka bila mtu kujua, moyo unaovuja, au damu isiyoganda. Hivyo vitatu vinapimika. Tukapima.

Figo zilikuwa nzuri. Nikatia tone la damu mbichi chini ya hadubini kutafuta minyoo midogo inayoogelea, kwa sababu pwani yetu ina aina kadhaa zinazoenezwa na mbu, mojawapo ikibeba jina la kisiwa cha Pate kule Lamu, *Brugia patei*, tangu 1958 ilipoelezwa. (Pate wengine wanaijua kwa wafalme na utenzi; sisi tunaijua pia kwa mnyoo.) Hakuwa nayo. Lakini damu yenyewe ilikuwa nyepesi, chembe nyekundu asilimia 33 ya damu yote badala ya 37 na kuendelea, na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zilikuwa 92,000 kwa mikrolita. Mbwa mzima huwa na 200,000 hivi na zaidi. Kipimo cha homa ya kupe kikarudi na mstari wa pili. Sikushangaa. Malindi mbwa asiyewahi kuumwa na kupe hajazaliwa.

Hapa ndipo uamuzi ulipogeuka. Swali la "tumkate au tusimkate" lilishajibiwa, hata mzee alikuwa ametikisa kichwa kukubali. Likabaki swali la lini.

Nilikuwa na sababu mbili za kungoja, zote za vitabuni. Kwanza chembe sahani: nitibu homa ya kupe kwa doksisaiklini siku 28, damu ijirekebishe. Pili, kanuni inayofundishwa kila mahali: jike aliyetoka kwenye joto asikatwe mara moja, mishipa ya kizazi imejaa damu, subiri miezi miwili hadi mitatu atulie. Nikapiga hesabu, nikawaambia wiki ya kwanza ya Aprili, kabla masika hayajashika. Nikawapa vidonge, nikasisitiza ameze pamoja na ugali na si juu ya tumbo tupu, maana vidonge hivyo hukwama kooni vikaunguza.

Msomaji makini ameshaona nilichokosea. Miezi miwili ya kungoja ndiyo hiyo hiyo miezi miwili ya usaha. Nilimweka jike wa miaka kumi, mwenye historia ya sindano ya homoni, katikati ya hatari niliyotoka kuwaeleza kwa mdomo wangu, na nikaita hiyo tahadhari.

Kitu kimoja nilifanya vizuri, nacho nilikifanya kwa mazoea tu. Niliwaambia wapime maji anayokunywa. Usaha wa kizazi uliofungika hautoi kitu nje. Hakuna uchafu wala harufu. Dalili ya kwanza mara nyingi ni kiu, kwa sababu sumu ya wale bakteria huzuia figo zisiweze kubana mkojo, maji yanapita tu, na mbwa anayafuata kwa kunywa. Mbwa anayekunywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo yake kwa siku ana jambo. Kwa Tausi ni kama lita 1.9. Nikasema: akifika lita mbili, nipigieni.

Mzee hakuwa na daftari. Alichukua chupa ya mafuta ya kupikia ya lita moja, akaikata iwe kipimo cha robo, na kila alipomwaga robo kwenye sufuria ya Tausi alichora mstari wa mkaa kwenye ukuta wa jiko, nje. Siku moja, safu moja. Mwezi mzima wa Februari safu zilikuwa na mistari mitatu au minne. Joto lote lile la kaskazi, na bado mistari minne.

Tarehe 5 Machi vidonge vikaisha. Chembe sahani zilikuwa 231,000, damu imepanda asilimia 39. Nilifurahi, nikarudia tarehe ya Aprili.

Tarehe 10 safu ikawa na mistari mitano. Tarehe 11, saba. Alfajiri ya tarehe 12, kabla jua halijatoka, mitatu tayari, na Tausi amenusa ugali wa dagaa akauacha. Binti akanipigia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. "Hajafika lita mbili, daktari," alisema, kama anayeomba radhi. "Lakini si kawaida yake."

Alikuwa sahihi na kipimo changu kilikuwa butu. Lita mbili ni mstari wa mbwa wa wastani wa kitabuni. Kawaida ya Tausi haikuzidi lita moja, imechorwa ukutani wiki tano mfululizo, na kupanda kutoka nne hadi saba kulikuwa kilio tosha. Kama wangenitii, wangengoja siku nyingine.

Ultrasaundi ilionyesha pembe mbili za kizazi zimejaa majimaji meusi kwenye kioo, ilhali Februari hazikuonekana kitu. Chembe nyeupe 31,000, karibu mara mbili ya kiwango cha juu. Joto nyuzi 39.4. Bado alisimama mwenyewe, bado alinilamba mkono. Hiyo ndiyo tofauti iliyomwokoa: wengi huletwa siku ya tatu au ya nne, wanatapika, miguu imelegea, sumu imeshaingia damuni.

Mzee aliuliza kama kuna dawa bila kisu. Ipo, kwa jike mchanga ambaye mwenyewe anataka azae tena, mlango ukiwa wazi na hali yake ikiwa nzuri, na hata hapo ugonjwa hurudi mara nyingi kwenye joto lijalo. Kwa Tausi ilikuwa kununua miezi kwa bei ya hatari. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi mkate, mwanangu."

Tukamtia maji ya mshipa na antibayotiki hadi saa nane mchana, ndipo tukamlaza. Kizazi cha kawaida cha mbwa wa kilo 19 pembe zake ni nyembamba kama mrija. Cha Tausi kila pembe ilikuwa nene kama ndizi mzuzu, imetuna, ngozi yake inang'aa. Unakitoa polepole, kwa mikono miwili, kama mtu anayehamisha yai lililopasuka. Umeme ulikatika nikiwa nafunga mshipa wa pili, nikamaliza kwa taa ya kichwani. Damu iliganda vizuri. Kile kijiuvimbe nacho nikakitoa, na maabara baadaye ilisema ni cha amani.

Wenzangu wawili niliowasimulia wamenitetea: ungekata Februari na chembe 92,000 ungeweza kumpoteza kwa kutokwa damu. Labda. Lakini chaguo halikuwa Februari au Aprili. Chembe sahani za mbwa mwenye homa ya kupe mara nyingi huanza kupanda ndani ya siku chache za doksisaiklini. Ningerudia kipimo siku ya 10 au ya 14, ningekuta zimefika pa kutosha, ningemkata mwishoni mwa Februari na vidonge vinaendelea. Mishipa ingekuwa mizito, ndiyo, kazi yangu ingekuwa ngumu zaidi kidogo. Kanuni ya kungoja atulie inamfaa jike wa miaka miwili ambaye kizazi chake kina afya. Inampunguzia daktari jasho. Kwa jike mzee, hasa aliyechomwa homoni, sasa nahesabu kinyume: niliyo nayo ni wiki nne tangu joto liishe, na kila siku ninayoiongeza lazima niwe na sababu inayoitwa kwa jina lake.

Si kila mzee angekatwa. Tausi angekuwa na moyo unaovuja na kikohozi cha usiku, au figo zilizokwisha, au angekuwa na miaka kumi na minne na amechoka, ningemwachia kizazi chake, ningewapa chupa na mkaa, na tungekubaliana mapema nini kifanyike mistari ikipanda. Na nilimwambia binti yatakayobaki hata mambo yakienda vizuri: jike aliyetolewa ovari hunenepa kwa chakula kile kile, kwa hiyo ugali upungue kama robo, na baadhi yao, zaidi wale wakubwa wa kilo 20 kwenda juu, huja kuvuja mkojo wakiwa wamelala, miezi au miaka baadaye. Hilo lina dawa. Gharama nayo ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile tuliyopanga kwa Aprili; nilipunguza upande wangu, kwa kuwa sehemu ya deni ilikuwa yangu.

Kola ya plastiki mzee aliikataa, alisema inamdhalilisha. Binti akakata fulana ya kampeni ya uchaguzi uliopita, akatoboa matundu manne ya miguu, na Tausi akakaa siku kumi na nne akiwa amevaa uso wa mwanasiasa tumboni. Kidonda hakikuguswa.

Siku ya kutoa nyuzi nilikwenda mwenyewe nyumbani kwao. Mistari ilikuwa imerudi mitatu, mitatu, minne. Mzee akauliza kama sasa aache kuhesabu. Nikamwambia angoje mwezi mmoja tuone figo zimetulia. Nilipopita tena mwezi wa Mei masika yalikuwa yameosha ukuta wote wa jiko, hakuna kilichobaki. Akanishika mkono akanipeleka ndani, nyuma ya mlango pasipofikiwa na mvua, ambako alikuwa ameanza safu mpya.